Naitwa Nyayo, na mwanangu hataitwa Mapinduzi

Kwa Mhariri,

Mke wangu alijifungua mtoto wa kiume tarehe 25 Juni 2025, mwendo wa saa mbili usiku, ndani ya Probox ya jirani kando ya barabara ya Manyanja. Siku hiyo watu walikuwa wakiadhimisha mwaka mmoja tangu vijana wauawe katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Matatu hazikuwepo, na kutoka Umoja kwenda hospitalini tulizunguka mara mbili kukwepa matairi yaliyokuwa yakiwaka. Mama mmoja muuza mboga, aliyekuwa akifunga kibanda chake, aliingia garini, akampokea mtoto kwa leso yake, akaandamana nasi hadi wodini bila viatu.

Sasa mtoto ana wiki tatu na tunavutana kuhusu jina. Mama mkwe, ambaye ni Mjaluo wa Siaya, anataka Oyoo, kwa kuwa kwao anayezaliwa njiani huitwa hivyo. Kwetu Machakos hakuna aliyewahi kuitwa Oyoo, na mamangu ameshaanza kunung'unika. Shemeji yangu naye anataka Mapinduzi.

Simlaumu shemeji. Rafiki yake wa kulala chumba kimoja alipigwa risasi mwaka wa 2024, na hajapata usingizi mzuri tangu siku hiyo. Lakini mimi naitwa Nyayo, na jambo hili nalijua.

Nilizaliwa 1981. Baba alimpenda Rais Moi kwa moyo wake wote. Nyayo, kaulimbiu ya Moi, ilimaanisha kufuata nyayo za Mzee Kenyatta aliyefariki 1978, na kila mahali ilikuwa amani, upendo na umoja. Shuleni, yale maziwa ya bure ya pakiti za pembe tatu yakiletwa, wenzangu walisema ni maziwa yangu, nami nilitembea kifua mbele.

Moi alistaafu mwishoni mwa 2002. Mwaka uliofuata nilipata kibarua cha ujenzi Dagoretti. Fundi mkuu, mzee mpole aliyetembea kwa shida, alikishika kitambulisho changu kwa muda mrefu kabla ya kunirudishia. Kisha akaniambia polepole kwamba mwaka wa 1986 alisimamishwa ndani ya maji, gizani, siku baada ya siku, chini ya jumba la Nyayo, ambako serikali ya Moi iliwatesa wapinzani wake. Kazi alinipa. Alinifundisha kupiga plasta kwa subira ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Ila kwa miaka miwili hakulitamka jina langu hata mara moja. Aliniita "kijana". Vijana tulikuwa wengi pale, lakini nilijua ananiita mimi, kwa sababu alisita kidogo kwanza.

Baba hakunitakia mabaya. Tatizo ni kwamba jina la siasa lina wenyewe, na siku wakilichafua, wewe uliyelibeba unachafuka nalo. Rais Obama alipotutembelea 2015, magazeti yaliandika habari za watoto waliopewa jina la ndege yake, Air Force One. Leo wanakaribia miaka kumi. Huwa nawafikiria asubuhi, mwalimu anapoita majina darasani.

Mutuku wa kwetu alizaliwa usiku, Wafula wa Waluhya alizaliwa wakati wa mvua. Hakuna serikali itakayokuja ikafanya usiku au mvua kuwa kitu cha aibu. Oyoo ni hivyo hivyo. Njia tuliipita, mashahidi wapo, na ile leso iko hapa nyumbani, nimeifua kwa mikono yangu na doa halijatoka lote.

Sheria inatupa miezi sita ya kusajili mtoto, lakini sitaki kungoja. Nataka tuandike Oyoo Kyalo, maana kwa Kikamba kyalo ni safari, na mamangu atatulia. Na kwenye ubatizo apewe jina la yule rafiki, lile alilopewa na mama yake mzazi, si neno lililoandikwa kwenye bango. Tukimwita mtoto nyumbani, tutakuwa tunamwita na yeye.

Nilijaribu kumwambia shemeji maneno haya Jumapili iliyopita, akaondoka kabla sijamaliza. Husoma gazeti hili kila Jumamosi, ndiyo maana nimewaandikia.

Nyayo,
Umoja, Nairobi