Mjomba, uliniambia katiba hailiwi

Mjomba, shikamoo. Mwangaluka pia, maana najua utasomewa hii asubuhi, chai ya rangi mkononi, mjukuu mmoja akikushikia simu kwa sababu miwani umeikalia tena.

Sikupanga kukuandikia mbele za watu. Ila kila nikikupigia tunaanza na goti lako, tunapitia bei ya dagaa, tunaishia kwenye ule mpaka wa shamba la Sengerema, na salio linakata kabla sijasema lililonikaa kooni. Lenyewe ni hili. Siku tulipoanua matanga ya mama mkubwa, vijana walianza kubishana kuhusu katiba mpya, nawe ukawakata kwa maneno mawili: "Katiba hailiwi." Wakanyamaza. Mimi nilikuwa nasugua masufuria kule nyuma, nikanyamaza kuliko wao, kwa kuwa mpwa hamjibu mjomba mbele ya wageni. Huku mtandaoni wageni ni wengi kuliko wa matangani, lakini angalau hawajui wewe ni nani.

Ngoja nikukumbushe mwanamume mmoja. Mwaka 2012, Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipokuwa ikizunguka nchi kukusanya maoni ya katiba mpya, mwanamume huyo alivaa koti lake la kazi la kivukoni, lile la bluu lililobaki na kifungo kimoja, akapanga foleni kwenye uwanja wa shule tangu saa mbili asubuhi. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nimeletwa kumshikia mwavuli. Zamu yake ilipofika alipewa dakika chache tu, na hakupoteza hata moja kwa itifaki. Alisema: "Mkuu wa wilaya kateuliwa na Rais. Akinionea, nikamshitaki kwa nani? Kwa aliyemteua?" Akaketi. Watu walipiga makofi mpaka mwandishi akaacha kuandika. Njiani kurudi alitembea kama mtu aliyelipwa deni la zamani, na mwavuli akaubeba mwenyewe.

Rasimu ya pili ilipotoka Desemba 2013 uliipata, ukaikalia kibarazani wiki nzima na kalamu nyekundu. Nakumbuka ulikopigia mistari: mawaziri wasiwe wabunge, mbunge asizidi vipindi vitatu, na wananchi waweze kumrudisha nyumbani kabla ya muda wake, mawaziri wa Muungano wasizidi 15, matokeo ya urais yaweze kupingwa Mahakama ya Juu. Hapo pa mwisho ulipiga mistari miwili. Ukanifungulia Katiba tuliyonayo, ya 1977, ukanionyesha ibara ya 41, kwamba Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mtu kuwa ndiye Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Ukanionyesha ya 37, kwamba Rais halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka. Mimi niliona ni lugha ya mawakili. Ukaniambia nisome polepole, hiyo ni lugha ya nahodha.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, nitayapita haraka. Februari 2014 Bunge Maalum likakaa Dodoma. Ndani yake walikuwamo wabunge, wale wale ambao rasimu ilitaka kuwawekea ukomo, pamoja na wawakilishi wa Zanzibar na watu 201 walioteuliwa na Rais. Posho ilikuwa shilingi 300,000 kwa siku, na wapo waliosema haitoshi. Machi, Jaji Warioba akawasilisha rasimu. Siku tatu baadaye Rais Kikwete, yule yule aliyetutangazia katiba mpya usiku wa kuamkia 2011, akasimama mbele ya Bunge lile akaeleza kwa nini serikali tatu zilizopendekezwa na rasimu, ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar, hazifai. Kuanzia hapo kila mwenye masikio alijua upepo unavumia wapi. Aprili 16 UKAWA, umoja wa wapinzani waliotetea rasimu, wakatoka nje. Tuliwashangilia redioni, mimi na wewe. Leo sina hakika tulishangilia nini, maana waliobaki walikata na kushona bila mtu wa kuwauliza. Oktoba 2 wakapitisha yao, na kura ya maoni ikapangwa Aprili 30, 2015.

Ikaahirishwa. Uandikishaji wa wapigakura kwa zile mashine za BVR, za alama za vidole, ulikuwa haujakamilika, wakasema. Mtoto aliyezaliwa wiki ile sasa yuko madarasa ya juu ya shule ya msingi, na hatujaambiwa iliahirishwa mpaka lini. Rais Magufuli alisema wazi kwamba katiba haikuwa kipaumbele chake. Mwaka 2021 Rais Samia akaomba tumpe muda, uchumi usimame kwanza. Mwaka 2023 tukaambiwa wananchi wapewe kwanza elimu ya katiba iliyopo, miaka mitatu. Nilikufikiria wewe siku ile. Wewe wa kalamu nyekundu, ufundishwe!

Lakini kuahirishwa siyo kunakoniuma zaidi, Mjomba. Kinachoniuma ni jinsi tulivyozoea kuishi kwa kusoma uso wa mtu.

Angalia mikutano ya hadhara. Mwaka 2016 ilizuiwa, na Sheria ya Vyama vya Siasa, ambayo inairuhusu, ilikuwa ipo pale pale kabatini. Januari 3, 2023, Rais akawaita viongozi wa vyama Ikulu, akaondoa zuio. Wiki chache baadaye wapinzani wa CHADEMA wakafungulia mikutano yao hapa Mwanza, Viwanja vya Furahisha. Nilikuwepo. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Ni wakati narudi Kirumba kwa miguu ndipo jambo lilipoanza kunitekenya: nilikuwa namshukuru nani, na kwa kunipa nini? Tangu 2016 hadi siku ile hakuna bunge lililotunga sheria ya kunifungia na jingine la kunifungulia. Kilifungwa kwa mdomo, kikafunguliwa kwa mdomo. Na kinachofunguliwa hivyo hakina komeo.

Katikati ya tarehe hizo mbili ipo Julai 21, 2021, tena mjini hapa hapa. Siku hiyo lilikuwa liwepo kongamano la katiba mpya. Usiku wa kuamkia, Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati ule, akakamatwa hotelini, akasafirishwa Dar es Salaam, akashitakiwa kwa ugaidi. Machi 4, 2022, upande wa mashitaka ukasema hauna nia ya kuendelea na kesi. Asubuhi mahabusu, jioni Ikulu, anakaribishwa kuzungumza na Rais. Wengi walisema ni ukomavu, na mimi nilifurahi kumwona huru. Ila kama ni gaidi, mtu anatokaje mahabusu mchana na kuketi Ikulu jioni? Na kama siye, miezi ile zaidi ya saba nani anamlipa?

Sasa nikurudishe kwenye kazi yako mwenyewe. Nilipokuwa mdogo ulinichukua kivukoni Kamanga ukanionyesha mstari uliochorwa ubavuni mwa chombo. Ukasema maji yakigusa hapa, hakuna kupakia tena, awe mkubwa gani anayetaka kuvuka. Nikakuuliza, kwani nahodha hajui mwenyewe chombo kikijaa? Ukajibu: "Anajua. Mstari ni kwa ajili ya siku anajua na bado anataka." Sauti yako ilikuwa imeshuka. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba ulikuwa unaiona MV Bukoba ikizama, Mei 1996. Halafu ikaja MV Nyerere kule Ukara, Septemba 2018, zaidi ya watu 200, nikakuona umekaa kibarazani siku mbili bila kuwasha redio. Sikutafutii nahodha mwenye adabu zaidi, Mjomba. Nadai mstari.

Utaniambia kuhusu daraja. Na mimi nalipita, la Kigongo–Busisi, kilomita tatu za zege juu ya maji, tangu Juni 2025. Nakumbuka tulivyokuwa tunalala kwenye foleni ya kivuko na mgonjwa ndani ya gari. Namshukuru Mungu kila nikilivuka. Ila sikuwahi kuelewa kwa nini daraja liwe jibu la swali la mahakama.

Na hilo la kutoliwa. Niko mwaloni Kirumba mwaka wa tisa sasa. Sisi wa dagaa tunakula kwa giza. Mwezi ukiwa mdogo wavuvi wanaingia na taa zao, mbalamwezi ikiwaka wanaanika nyavu na kulala. Hiyo ni kalenda ya Mungu, mtu unaipangia ada ya watoto. Isiyopangika ni ile ya wakubwa. Mwaka juzi, kwenye wilaya moja ya kando ya ziwa ambayo sitaitaja, kijana wetu anayetukusanyia mzigo alinyoosha mkono mkutanoni akauliza kwa nini gunia moja linatozwa ushuru mara mbili, mwaloni na tena barabarani. Hakutukana. Aliuliza akiwa ameshika risiti zote mbili. Mkubwa aliyekuwa meza kuu akasema, "Huyo mwekeni ndani." Unaijua ile Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, wakuu wa mikoa na wa wilaya wanaweza kuagiza mtu akae ndani hadi saa 48 wakiamini atavunja amani. Risiti mbili zikawa zimevunja amani.

Alikaa saa zake 48. Dagaa wetu walikuwa wameanikwa kwenye chanja, yeye ndiye mwenye kuwageuza na kuwafunika. Usiku wa pili ikanyesha. Wakachacha, wakanuka, tukawauza kwa bei ya kutupa kwa wanaotengeneza chakula cha kuku. Kijana akatoka bila kushitakiwa kwa lolote, na yule mkubwa nasikia alishahamishiwa kwingine. Kwa hiyo, Mjomba, mwaka juzi katiba tusiyokuwa nayo iliwashibisha kuku. Tulipokaa kujadili tumshitaki kwa nani, nilicheka peke yangu. Wenzangu wakadhani hasara imenipanda kichwani.

Kuhusu Oktoba 2025 sitasema mengi, na sababu unaijua. Tundu Lissu wa CHADEMA alikuwa mahabusu tangu Aprili kwa kesi ya uhaini. Chama chake kiliwekwa nje ya uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Tarehe 29, siku ya kura, intaneti ikazimwa, na watu wakafa kwa risasi. Wewe uliniambia nisitoke ndani, sikutoka. Novemba 1 tukatangaziwa Rais Samia kapata asilimia 97.66. Yakatokea yote hayo, na mwenye shaka na hesabu ile hakuwa na mlango wa mahakama wa kugonga, kwa sababu ya ibara uliyoipigia mistari miwili ya wino mwekundu nikiwa bado navaa sare ya shule. Baadaye ikaundwa tume ya kuchunguza, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Simsemi vibaya mzee wa watu. Nauliza swali lako tu: kateuliwa na nani?

Ng'ambo ya maji haya haya, Wakenya walipeleka malalamiko yao mahakamani, na Septemba 1, 2017 Mahakama yao ya Juu ikafuta matokeo ya urais. Ilikuwa kwa kelele na kwa machozi pia, sitakudanganya kwamba kwao ni peponi. Ila malalamiko yalikuwa na anwani.

Nimewaza sana juu ya neno lako la matangani, na siamini kwamba ulibadilika. Nimeona unavyopunguza redio habari za siasa zikianza. Nikaona pia ulivyokuwa unamtazama yule mjukuu mkubwa, aliyekuwa anabisha kuliko wote. Nadhani ulitaka tu kumkalisha chini kabla hajaondoka na kwenda kokote. Kama ndivyo, sikubishii; hata mimi Oktoba nilifunga mlango kwa kitasa na kwa kochi. Lakini mwambie hivyo. Mwambie babu yako anaogopa. Ana miaka 19, ataelewa, pengine atakaa. Usimwambie kwamba kile ulichosimama juani kukidai hakina kazi, maana siku atakapokuta koti la bluu kwenye msumari atakuuliza lilikuwa la nini.

Ukija mjini kwa kliniki ya goti, niletee ile nakala ya Rasimu. Mkazamjomba ananiambia iko sandukuni mwake chini ya kanga, na kwamba kurasa za nyuma zilishafungiwa karanga. Mradi ule wenye mistari miwili upo. Mimi nitakuwekea sado mbili za dagaa. Giza limeanza juzi, mpaka wikendi watakuwa wengi na bei itakuwa imeshuka.

Mpwa wako,
Kirumba