Mfasiri wa Kilimo na Apimwe kwa Maneno ya Shambani

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wenzangu wanaofanya kazi katika mashamba ya Slovenia jambo linalonikera: wamiliki wanapotafuta mfasiri wa Kijerumani kwenda Kislovenia, huridhika na yeyote anayezijua lugha hizo mbili.

Hapa bonde la Savinja tunalima hopsi, zao linalotiwa katika bia, na maelezo ya baadhi ya mitambo na viuatilifu hutufikia kwa Kijerumani. Msimu mmoja tulipewa tafsiri ambamo neno Wartezeit, yaani siku zinazopaswa kupita kati ya upuliziaji wa mwisho na mavuno, lilikuwa limeandikwa kama mtu anavyoutaja muda wa kusubiri zamu hospitalini, ilhali wakulima wa Kislovenia huziita siku hizo karenca. Tungevuna mapema, sumu ingebaki kwenye zao, nasi wachumaji ndio tungeishika kwanza kwa mikono yetu.

Muhuri wa mfasiri wa mahakama una kazi yake katika mikataba na vyeti, lakini hauonyeshi kama mwenye nao anakijua kilimo. Mfasiri na apewe kwanza ukurasa mmoja wa lebo ya dawa, kisha mkulima mzoefu au mtaalamu wa ugani ausome kabla kazi yote haijakabidhiwa. Aidha, aulizwe kama amezoea Kijerumani cha Austria, ambako mahindi huitwa Kukuruz na viazi Erdäpfel.

Wenu,
Msomaji, Žalec, Slovenia