Ahsante, dada wa meza ya pembeni

Dada yetu uliyekaa na vijana wa kidato cha sita bila kutaja jina wala kudai hata soda, ahsante sana. Wengi huwaambia vijana "someni udaktari" kisha wakaondoka. Wewe ulianzia mwisho: matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, yaani nafasi za kazi serikalini. Ukawaonyesha kwa kidole mstari wa sifa za mwombaji, mahali ambapo jina la shahada hutajwa. Shahada yenye jina la kuvutia lisilomo kwenye mstari ule humkwamisha mtu, hata awe na GPA ya 4.

Ndipo ukafungua mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Katika matokeo ya kidato cha sita, A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kima cha chini cha kuingia shahada ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, lakini kila kozi ina masharti yake, na hapo ndipo wengi huteleza.

Tunakushukuru zaidi kwa lile la bodi za taaluma. Shahada ya uhandisi peke yake haimfanyi mtu mhandisi: lazima asajiliwe ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na anayetaka uhasibu ajiandae kwa mitihani ya CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Gharama na miaka hiyo ihesabiwe mapema.

Na aliyechaguliwa vyuo viwili, ulimkumbusha athibitishe kimoja kabla dirisha la kuthibitisha halijafungwa. Mungu akuzidishie, dada.