Kabla ya saa ya GPS, andikeni mzee alikulia wapi

Mhariri,

Siku hizi picha ya mzee mwenye ugonjwa wa kusahau aliyepotea ikirushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya hapa Dodoma, haikosi mtu wa kuandika: "Mngemvalisha saa ya GPS." Wanaosema hivyo wana nia njema, na vifaa hivyo sivipingi. Ila naona tunakimbilia dukani huku jambo la bei rahisi, lenye msaada mkubwa zaidi, tumeliacha. Naomba nafasi nilieleze.

Saa nyingi za aina hiyo husoma mahali zilipo kwa satelaiti, kisha hutuma taarifa kwa laini ya simu. Maana yake zinataka chaji kila mara, salio, na mnara. Mzee akishika njia za vijiji vya Bahi, ambako hata wenye simu nzuri hupanda kichuguu kutafuta mtandao, saa inabaki pambo. AirTag, kile kidude cha Apple cha kutafutia vitu, ndiyo kabisa: inategemea iPhone ya mtu anayepita jirani. Kwenye shamba la mtama utaisubiri sana hiyo iPhone.

Marekani wana mpango uitwao Project Lifesaver, ulioanzia Chesapeake, Virginia, mwaka 1999. Bangili yake hurusha mawimbi ya redio, na askari waliofundishwa humfuata aliyepotea wakiwa na antena mkononi. Haitegemei minara ya simu. Lakini lazima askari hao wawepo, wawe na gari, na awepo mtu wa kupita nyumbani kubadilisha betri kila baada ya muda. Mwaka 2018 walitunga sheria yenye majina ya Kevin na Avonte, watoto wawili wenye usonji waliotoroka na kukutwa wamekufa, ili fedha za serikali zisaidie kazi hiyo. Sisi mfumo huo hatuna, na sioni ukija kesho.

Cha kuiga kipo Uingereza, nacho ni karatasi. Polisi wa Norfolk walianzisha fomu inayoitwa Herbert Protocol, kwa jina la George Herbert, askari aliyepigana Normandy katika Vita Kuu ya Pili. Uzeeni alipata ugonjwa wa kusahau, akafa akiwa katika safari ya kutafuta nyumba aliyokulia. Fomu hujazwa mapema na familia: picha ya karibuni, dawa anazotumia, alikofanya kazi, alikoishi zamani, sehemu anazopenda kwenda. Siku akipotea, polisi hawaanzi kuhoji watu wanaolia.

Hilo swali la alikoishi zamani, kwa Dodoma, ni zito kuliko mengine yote. Mwaka 1971 kulikuwa na Operesheni Dodoma. Watu walihamishwa kutoka kwenye maboma yao wakakusanywa vijijini. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati ule sasa ameshapita 70, umri ambao maradhi haya huanza kubisha hodi. Kisha ikaja habari ya makao makuu ya nchi kuhamia huku, na mashamba mengi yakageuka viwanja. Mzee anapotoka alfajiri akisema anakwenda nyumbani, huenda anakwenda kwenye mahame ambayo wanawe hawajawahi kuyaona.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu. Wanawe walimtafuta sokoni Majengo, stendi ya Nanenane na hospitalini. Kituoni waliambiwa wasubiri hadi kesho, labda atarudi mwenyewe. Bodaboda anayemfahamu ndiye aliyemkuta upande wa Iyumbu, ndani ya kiwanja cha mtu chenye msingi wa nyumba, anabishana na mlinzi kwamba pale ni zizi la baba yake na ng'ombe wapo njiani. Mlinzi alikuwa ameshashika rungu. Mzee alikuwa anajibu kwa Kigogo tu, maana Kiswahili kilikuwa kimeanza kumtoka, na mlinzi si wa huku. Bodaboda alianza na "mbukwa", salamu ya Kigogo, mzee akatulia, akapanda pikipiki.

Ilikuwa mchana, bahati yake. Mtu akikutwa uani kwako saa tisa usiku, hajitambui, nguo nusu, wangapi tutafikiria ugonjwa? Watafikiria mwizi. Akiwa bibi kizee, watafikiria mchawi, na mwisho wa mashaka hayo nchi hii tunaujua. Ndiyo maana mjumbe na majirani wanapaswa kujua mapema. Saa ya GPS humwambia mtoto aliyeko Dar es Salaam kwamba mama yuko mahali fulani. Haimwambii mwenye nyumba aliyemkuta mlangoni kwamba huyu ni mgonjwa.

Ombi langu kwa Jiji na madiwani: fomu ya ukurasa mmoja, ipatikane kwa mtendaji wa mtaa, nakala moja kwake na nyingine kwa polisi kata. Iulize alikulia wapi, mahame ya ukoo yako wapi, anaelewa lugha gani akichanganyikiwa, nani akimwita anaitika. Wazazi wenye watoto wa usonji nao waijaze. Na isibandikwe ukutani wala kurushwa kwenye makundi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na katika Dodoma hii ya viwanja, kutangaza kwamba nyumba fulani kuna mzee asiyekumbuka kitu ni kumwita tapeli aje na wino wa dole gumba.

Wakati tunasubiri, shoneni namba ya simu ya familia ndani ya kola ya shati au pindo la gauni. Karatasi ataitupa, simu ataisahau, lakini nguo atakuwa ameivaa. Na askari wa zamu asimrudishe mtu hadi kesho, hasa Juni na Julai, baridi ya Dodoma inapouma usiku.

Msomaji wako,
Nkuhungu, Dodoma