Sheera mbona mmemruka?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie makala ya ukurasa wenu wa dini ya Jumapili iliyopita, iliyohusu uzao wa Efraimu mwana wa Yusufu. Mwandishi amewataja Ezeri na Eleadi, waliouawa na watu wa Gathi walipoteremka kuchukua ng'ombe. Akamtaja Beria, aliyezaliwa nyumba ikiwa bado na msiba. Kisha akarukia kwa Nuni na Yoshua. Kuna mstari ameuacha, 1 Mambo ya Nyakati 7:24, unaomtaja binti aitwaye Sheera, aliyejenga Beth-horoni ya chini na ya juu, pamoja na Uzen-sheera, mji uliobeba jina lake.

Mimi ni mama, fundi mwashi, mwaka wa 19 huu nashika mwiko na timazi, na kazi zangu nyingi ni huku Machame kwenye miteremko. Neno "aliyejenga" silipiti haraka. Beth-horoni mbili zimekaa juu ya mgongo mmoja wa mlima, kwenye njia ipandayo kutoka tambarare ya pwani kuelekea Yerusalemu. Hadi leo kuna vijiji mahali hapo, magharibi ya Ramallah, vimeachana kama kilomita 3: Beit Ur al-Tahta na Beit Ur al-Fauqa. Sisi tunaosema "fauka ya hayo" hatuhitaji kuambiwa kipi ndicho cha juu.

Kujenga mteremkoni unaanza kwa kuchonga ngazi ardhini, unainua ukuta wa kuzuia udongo, unaacha matundu maji yapite. Ukikosea, mvua za masika zinashuka na msingi wako. Na mwenye mji chini na mji juu ameishika njia yote. Hapo ndipo Yoshua alipowafukuza Waamori, na mvua ya mawe ikawaua wakiteremka. Baadaye Sulemani aliijenga miji hiyohiyo upya, akaitia kuta, malango na makomeo. Kazi za Sulemani tunazisikia mimbarini kila mara. Sheera, miaka yote niliyokaa kanisani, sijasikia akihubiriwa hata mara moja.

Wapo wanaosema huenda alikuwa binti wa Beria, si wa Efraimu, kwa kuwa "binti yake" inafuata jina la Beria. Na iwe hivyo. Mjenzi ni yeye.

Jambo hili linaniuma kwa sababu nyumbani kwetu kuna daftari la ukoo. Vizazi 7 vimeandikwa, wanaume watupu. Nyumba ambamo daftari hilo linatunzwa niliijenga mimi mwaka 2014, kuanzia msingi hadi lenta, na baba zangu wadogo waliona kila tofali likipanda. Nilipouliza mbona simo, nikajibiwa kwamba binti huandikwa kule alikoolewa. Sheera hatuambiwi hata kama aliolewa. Aliandikwa kwao, kwa kazi ya mikono yake.

Mhariri, najua nafasi gazetini ni finyu. Lakini mstari ule ni mfupi mno, hauwezi kukosa pa kukaa. Naomba Jumapili ijayo muurudishe mahali pake, baada ya Beria na kabla ya Refa, anayetajwa katika mstari unaofuata.

Mama Fundi,
Machame, Kilimanjaro