Mashine inanunuliwa, fundi wake anaachwa getini

Kwako mhariri,

Jumanne iliyopita nilikuwa nimepiga magoti kwenye karakana ya hospitali ninakofanya kazi, nafungua mashine ya kunyonya makohozi, nikasikia mtu anabisha hodi, kuinua macho naona kijana na bahasha ya kaki. Amemaliza digirii ya uhandisi wa bayomedikali, ametoka Kayole alfajiri kabla nauli haijapanda, ameshazunguka hospitali nne na yetu ni ya tano. Hata hakuniomba kazi. Aliniambia tu, "Inginia, niruhusu nisimame hapo kando nione vile unafanya, sitaki hata ya chai." Kabla nimjibu askari wa geti alikuwa ameshamfuata, ati hana kibali, na mimi sina mamlaka ya kumwambia mtu abaki, basi akaenda. Nimekaa na hiyo kitu moyoni wiki nzima ndo nikaona heri niandike, pengine wakubwa wa hospitali zetu husoma huu ukurasa.

Kwa wasioijua hii kazi, ukilazwa hospitali kila kitu kilichokuzunguka chenye waya, bomba ama skrini kuna mtu anafaa kukijua mpaka ndani: monita, inkubeta ya watoto njiti, mashine ya nusukaputi, eksrei, otoklevu inayoua viini kwenye vyombo vya upasuaji kwa mvuke wa digrii 121. Huyo mtu ndo sisi. Wengine wamesomea diploma pale KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, wengine digirii Kenyatta University ama Technical University of Mombasa. Sasa daktari akimaliza shule anajua kuna wodi itampokea kama intani, hata kama siku hizi anangoja sana mpaka waandamane. Mimi nilipomaliza nilipewa cheti, nikapigiwa makofi, nikaambiwa katafute.

Nilitafuta miezi 14. Kila tangazo linataka ekspirensi ya miaka mitatu na hakuna anayesema hiyo mitatu mtu ataipata wapi kama hakuna wa kumchukua mwaka wa kwanza. Wenzangu wengi wa darasani walichukuliwa na kampuni za kuuza vifaa, sai wanazunguka hospitali za Upper Hill hapa Nairobi na vipeperushi wakimwonyesha daktari vile mashine inawashwa. Siwalaumu hata kidogo, kodi ya nyumba haingoji mtu, na kuna vile pia wanajua mambo ya bei na tenda ambayo mimi siyajui. Lakini mmoja wao aliniambia juzi kwamba hajashika bisibisi tangu graduesheni na akiitwa intavyuu ya hospitali anaogopa kwenda, manake ataulizwa amewahi kurekebisha nini. Huyu alikuwa wa kwanza darasani kwetu kwa saketi.

Mimi niliokolewa na mzee mmoja. Ni fundi wa zamani, amesomea diploma, amebakisha muda kidogo astaafu, na alikubali nikae naye kama mtu wa kujitolea miezi sita nikila kwa dada yangu Umoja. Wiki ya kwanza tuliitwa wodi ya watoto, sista anasema konsentreta ya oksijeni haina nguvu, mtoto amewekewa lakini oksijeni yake ya damu haipandi. Nikaenda mbio. Mashine inanguruma vizuri, kale kampira ka kuonyesha lita kako juu, hakuna alamu, kwa macho na masikio iko sawa kabisa, nikasema pengine tatizo ni mtoto. Mzee hakunijibu. Kwanza aliuliza kama kuna silinda, mtoto akahamishiwa kwa silinda, alafu ndo akatoa kipimo chake cha oksijeni akachomeka kwenye bomba. Ikasoma asilimia 74.

Niwaeleze kidogo hapa. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi na naitrojeni 78. Konsentreta inavuta hiyo hewa ya chumba, inaisukuma kwenye mchanga wa madini yanaitwa zeolaiti, yale madini yanakamata naitrojeni, na kinachotoka upande ule mwingine kinafaa kuwa oksijeni ya karibu asilimia 93. Ikishuka chini ya 82 Shirika la Afya Duniani linasema mashine inafaa kupiga kelele. Yetu haikupiga, kitambuzi chake kilikuwa kimekufa. Mzee akaigeuza, ilikuwa imesukumwa mpaka ukutani na pazia limeifunika nyuma, akatoa chujio, likawa limejaa manyoya ya blanketi kama mto. Tukaosha, tukakausha, tukaipeleka mbali na ukuta, tukangoja. 91. Na hiyo mashine ilikuwa imeshaandikiwa ya kutupwa.

Akaniambia, "Kijana wangu, wewe umesoma kuliko mimi, lakini bado hujaona." Nilikuwa nimefaulu mtihani wa hiyo zeolaiti vizuri sana, naweza kukuchorea mpaka vali zake, lakini hakuna mwalimu aliwahi kuniweka mbele ya konsentreta mbovu, na mbovu zinadanganya kwa njia ambayo kitabu hakiwezi kuonyesha. Hapo ndipo kazi yenyewe iko. Nilijifunza kwake kwamba ukiitwa unaanza na nesi, unamuuliza ilianza lini, nani aliitumia mwisho, ilianguka? Nilijifunza kufuta mashine na dawa ya viini kabla ya kufungua hata skrubu moja, manake ile ya kunyonya makohozi imebeba damu za watu. Nilijifunza kwamba laini ya ESIJI, ile mashine ya kuchora mapigo ya moyo, ikiwa nene imejaa mitetemo, kabla hujagusa bodi angalia kama elektrodi zimekauka na kama soketi ina athi, kwa sababu stima yetu ni ya Hezi 50 na inaingia kwenye mchoro wa moyo wa mgonjwa pale kwa karatasi ikipata njia.

Na hii si yangu peke yangu. Kuna watafiti waliofuatilia maombi zaidi ya 2,800 ya ukarabati kutoka hospitali 60 maskini katika nchi 11, wakachapisha matokeo mwaka 2010, na wakapata kwamba asilimia 72 ya vifaa vya tiba vilivyokuwa vimeharibika vilirudi kazini bila kuagiza spea kutoka nje. Fyuzi, kebo, chujio, betri, usafi, kumfundisha mtu kutumia. Hiyo ndo kazi ambayo yule kijana wa Kayole angeweza kuifanya ndani ya miezi mitatu akiwa na mtu wa kumwangalia.

Sasa nifike kwa kitu chenyewe. Huko nyuma kwenye hospitali moja (si hii ya sasa) mashine ya nusukaputi ilianza kukataa, selo yake ya oksijeni, kile kitambuzi kinachopima oksijeni anayopewa mgonjwa, ilikuwa imeisha. Hizo selo zinaisha tu kama betri, baada ya mwaka mmoja au miwili lazima ubadilishe. Tulikuwa na selo mpya mkononi. Lakini baada ya kubadilisha lazima mashine ifanyiwe kalibresheni, yaani irekebishwe isome sawasawa, kupitia menyu ya fundi, na hiyo menyu ina paswadi, na paswadi iko na aliyeiuza. Manyuali ya kutumia tulipewa, manyuali ya kutengeneza hatukupewa, haikuwa kwenye tenda. Tukapiga simu, tukaandika barua pepe, tukangoja wiki tatu na zaidi huku akina mama wa upasuaji wa kupangwa wanaambiwa warudi nyumbani. Fundi wao alipokuja alifanya kazi ya dakika 20 na mlango wa thieta ukafungwa tusione. Nilisimama hapo koridoni na multimita yangu nikahisi uchungu ambao sijawahi kuuandika mpaka leo. Yule muuzaji hakuvunja mkataba wowote. Sisi ndo hatukuandika kwenye mkataba kwamba watu wetu wafundishwe.

Tumeshaona hii kwa ukubwa wa nchi nzima. Mwaka 2015 serikali kuu ilileta mpango wa kukodisha mashine za kisasa kwa kaunti zote 47, hela nyingi sana, mpaka Seneti ikaunda kamati ya kuuchunguza, na moja ya malalamiko ilikuwa kwamba kuna mahali mashine zilikaa kwenye makaratasi yake kwa kukosa watu wa kuzitumia, vyumba ama stima ya kutosha. Misaada nayo iko vilevile, mashine inatoka Marekani ya volti 120, mtu anachomeka kwa soketi yetu ya 240, moshi. Nimeiona kwa macho yangu, monita nzuri mpya, na hakuna mtu alikuwa ameitwa karakana kuuliza.

Ombi langu kwa wakurugenzi wa hospitali na wanaoandika tenda za kaunti ni moja. Mashine yoyote ikinunuliwa, ikodishwe au iletwe kama msaada, iandikwe kwenye mkataba kwamba itakuja na manyuali ya kutengeneza na paswadi zake, na siku ya kuifunga mahali pake fundi wa hospitali awe hapo pamoja na angalau mhitimu mmoja mchanga, na huyo mchanga abaki mwaka mmoja kwenye karakana akilipwa kitu cha nauli na chakula. Najua mtaniambia hakuna bajeti. Lakini tuongee ukweli, bei ya mashine moja ya nusukaputi ukiiweka kando ya nauli ya kijana mmoja kwa mwaka, hiyo nauli haionekani. Na siku ya kufunga ndo siku ya dhahabu, vifuniko viko wazi, fundi wa kampuni ana haraka ya kumaliza na anajibu maswali yote, ukiikosa hiyo siku hautaiona tena mpaka mashine iharibike.

Tena wazee wetu wanaondoka. Huyu wangu akistaafu ataenda na vitu ambavyo havijaandikwa popote, kwa mfano anajua kwa kushika tu mkono wake kwa kifuniko kama mota ya sentrifugi, ile mashine ya maabara ya kuzungusha damu kwa kasi, imemaliza brashi zake. Hakuna wa kumpokea isipokuwa mimi, na mimi sijafika robo yake.

Kuna watu wanadhani sisi tunabeba vyombo tu nyuma ya madaktari. Kile kidude cha kubana kidole kinachosoma oksijeni ya damu, mtu aliyegundua msingi wake ni inginia wa Japani anaitwa Takuo Aoyagi, aliuwasilisha mwaka 1974, na hakuwa daktari. Alifariki Aprili 2020, wakati dunia nzima inakitafuta hicho kidude kwa udi na uvumba. Huwa nawaambia vijana hii nikiwaona wamekata tamaa.

Na kwa nyinyi mnaotafuta bado, msichoke kuja. Nunua multimita, kile kipimo cha stima, hata ya bei ya chini pale Luthuli kwa maduka ya elektroniki mjini Nairobi, chukua redio mbovu na adapta za jirani uzifungue, weka daftari uandike kila kosa uliloona na vile lilitatuliwa, hilo daftari mimi ndo lilinipatia kazi kwenye intavyuu kuliko cheti. Ukienda hospitali usiende ofisi ya wafanyakazi tu, uliza jina la mkuu wa karakana, umwandikie barua yeye.

Mwezi ujao tunapokea inkubeta mbili mpya hapa kwetu. Nimemwandikia mkurugenzi barua kuomba wahitimu wawili waruhusiwe kuwa ndani siku ya kuzifunga, mmoja awe yule kijana wa Kayole, ambaye kwa bahati nzuri aliacha namba yake kwa askari. Barua imepokelewa na kupigwa muhuri. Jibu bado, na kila asubuhi napitia kwa sekretari kuuliza.

Fundi wa mashine za hospitali,
Umoja, Nairobi.