Mhariri, yule dada wa kwenye picha ana jina

Mbukwa mhariri,

Naandika nikiwa kwenye banda langu la kutengeneza baiskeli hapa Chang'ombe, Dodoma, mikono ina grisi na nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo ukikuta herufi zimerukana nivumilie. Ishu yenyewe ni ile picha mliyoitoa kwenye kurasa za michezo, dada yuko juu ya farasi anaruka kiunzi, matope mpaka kwenye miwani, afu chini mkaandika "Mrembo akiwa na farasi wake". Basi, imeisha. Hakuna jina la dada, hakuna jina la farasi, mbio gani na wapi hakuna. Na farasi wala siyo wake! Joki mara nyingi hamiliki farasi anayempanda, anapewa na mwenye farasi kama vijana wa hapa wanavyopewa bajaji ya bosi, jioni unarudisha.

Sasa najua utacheka, Dodoma na mbio za farasi wapi na wapi. Huku kwetu mnyama wa kazi ni punda, anabeba madumu ya maji na magunia ya uwele, farasi wengi wetu tumewaona kwenye tv tu, labda wale wa polisi, Kikosi cha Mbwa na Farasi. Na siyo kwamba wazee wetu walikuwa wajinga wasifuge, farasi nchi hii wanasumbuliwa na mbung'o halafu kuna ugonjwa wao unaosambazwa na usubi, farasi anakufa ndani ya siku chache wakati punda anaupata wala hata hashtuki. Ila bandani kwangu tupo kama sita saba hivi tunaofuatilia. Wengine walianzia kwenye maduka ya kubeti, wanaweka mkeka kwenye wale farasi wa kompyuta, wakachoka kuliwa wakaanza kutafuta wa kweli kwenye simu. Farasi wa kompyuta ana namba tu na anayempanda hana jina wala sura. Ndo maana maelezo ya picha yenu yalituuma, manake mmemfanya yule dada kama wa kompyuta.

Mimi mwenyewe nilianzia Nairobi, nilikaa huko miaka mitatu kijana, nikapata kibarua cha kuzoa samadi na kubeba majani kwenye mabanda karibu na uwanja wa Ngong. Mbio zilikuwa Jumapili. Nitarudi huko baadae.

Nikuambie kwa nini tunawapenda hawa wanawake, na siyo hiyo sababu mliyoandika. Kwenye mpira tuna Simba na tuna Simba Queens, tuna Yanga na Yanga Princess, kila mtu na ligi yake na ni sawa. Kwenye farasi hakuna. Mwanamke anaingia geti moja na wanaume, viunzi ni vilevile, farasi wa kilo 500 ni yuleyule, akidondoka anadondokea ardhi ileile na kundi zima linapita juu yake. Sijui michezo mingapi mikubwa iko hivyo lakini ni michache mno.

Tarehe 10 Aprili 2021, Jumamosi, kwetu ilikuwa saa moja na robo jioni, mimi nilikuwa nimeshafunga banda tukabaki wote tumeinamia simu moja kama watu wanaoota moto. Grand National, pale Aintree, Uingereza. Hiyo mbio mhariri siyo ya mchezo, mwaka ule walianza farasi 40, viunzi vya kuruka 30, karibu kilomita 7, na siku ile wamefika mwisho 15 tu. Uwanja ulikuwa mtupu kwa sababu ya korona, kwa hiyo unasikia kwato na sauti ya mtangazaji, hakuna kelele. Rachael Blackmore, binti wa mkulima kutoka Tipperary, Ireland, yuko juu ya Minella Times. Hakwenda mbele mapema. Wengi pale bandani walikuwa wanapiga kelele aende aende, yeye katulia anatafuta njia, anaokoa nguvu za farasi, kila kiunzi anafika kwa hatua inayotakiwa siyo mapema siyo kuchelewa, na hilo ndo jambo nililojifunza kuliangalia, wanaoanguka wengi ni kwa hatua kuharibika kabla ya kuruka. Baada ya kiunzi cha mwisho akamwachia, akashinda. Wanawake walianza kupanda kwenye mbio ile 1977, Charlotte Brew ndo wa kwanza, na kutoka hapo mpaka siku ile hakuna mwanamke aliyeshinda. Walivyomuuliza Blackmore anajisikiaje akasema muda huo hajisikii mwanaume wala mwanamke, hata ubinadamu hausikii. Hilo jibu tunalitumia mpaka leo bandani, mtu akilipwa deni lake la zamani anasema hata ubinadamu siusikii.

Na siyo kwamba alibahatisha. Mwezi mmoja kabla, kwenye tamasha la mbio la Cheltenham, hukohuko Uingereza, alishinda mbio 6 akawa joki bora wa tamasha zima, na mwaka uliofuata akachukua Gold Cup, mbio kubwa ya tamasha hilo, juu ya farasi A Plus Tard, mwanamke wa kwanza pia. Katikati hapo, Julai 2021, alianguka akaumia nyonga na kifundo cha mguu, akakaa nje miezi. Alistaafu Mei 2025 na kuna mzee mmoja wa hapa, dereva wa lori mstaafu, aliinuka akaenda kusimama nje akajifanya anapokea simu. Simu yenyewe ilikuwa mezani.

Sasa tubishane kidogo maana barua bila ubishi haina chumvi. Kila farasi anapangiwa kilo za kubeba, joki na tandiko lake wanapimwa kwenye mizani kabla na baada ya mbio, akiwa mwepesi anaongezewa vipande vya risasi (risasi ya madini siyo ya bunduki). Mwaka 2017 Ufaransa wakaanzisha kwamba joki mwanamke apunguziwe kilo 2, mwaka uliofuata wakashusha ikawa kilo 1 na nusu, mbio kubwa kubwa hazimo. Bandani tuligawanyika kabisa. Wengine wakasema hiyo ni dharau, kwamba unamwambia mwanamke wewe huwezi ngoja nikubebe. Mi mwanzo nilikuwa upande huo, nikapiga na meza. Baadae nikabadilika, kwa sababu tatizo la wanawake kule halikuwa nguvu, ni kwamba hawapewi farasi. Kuna utafiti wa chuo kikuu cha Liverpool ulitoka 2018, walichambua mbio za miaka 14 za Uingereza, wanawake walikuwa na asilimia 11.3 ya leseni za majoki wa kulipwa lakini nafasi za kupanda walizopata ni asilimia 5.2, na ukilinganisha ubora wa farasi waliopewa walikuwa wanafanya karibu sawa na wanaume. Sasa mwenye farasi anayeogopa kumpa mwanamke, ukimwambia farasi wako atabeba kilo pungufu, tamaa inamshinda woga, anampa. Kilo 1 na nusu ni chambo cha mwenye mali, siyo huruma kwa dada. Bado kuna wanaokataa na sigombani nao, kwa sababu Hollie Doyle, joki wa Uingereza, mwaka 2022 alienda Chantilly hukohuko Ufaransa akashinda mbio kubwa ya Prix de Diane juu ya farasi Nashwa na hakupunguziwa hata gramu.

Na hata leseni ya kufundisha farasi ilipatikana kwa kesi. Florence Nagle, Mwingereza, alifundisha farasi miaka na miaka lakini leseni ilikuwa jina la mwanaume mfanyakazi wake wa mabandani, kwa sababu Jockey Club, waliokuwa wanasimamia mbio kule, hawakutaka kabisa kumwandikia mwanamke. Akawapeleka mahakamani akapewa leseni 1966, bibi wa miaka 70 na ushee! Na kwa majoki, Marekani 1969 Diane Crump alipopanda mara ya kwanza pale Hialeah, Florida, polisi ilibidi wamsindikize kupita kwenye watu. Mtu anaenda kazini.

Nakuja kwenye kitu ambacho hasa kimenifanya niandike. Ile jioni ya Blackmore, tunapiga kelele, kuna mama anayetuuzia chai na vitumbua pale nje alikuwa amekaa pembeni anahesabu hela zake, akauliza bila hata kuinua kichwa, "Na huyo farasi, asubuhi kalishwa na nani?" Kimya. Watu saba, hakuna anayejua. Tunajua bei za kubeti, tunajua joki anatokea kijiji gani, aliyemlisha farasi hatumjui. Mama akamalizia hela zake akabeba beseni akaondoka.

Mimi swali lile lilinirudisha Ngong. Mtunza farasi kule tulimwita saisi, neno la Kiswahili cha zamani kabisa, Wakenya mpaka leo wanalo. Saisi anaamka saa kumi alfajiri. Anasafisha banda, anachokonoa kwato moja moja kutoa mawe na samadi, anapitisha kiganja kwenye miguu yote minne kusikia kama kuna joto, manake joto kwenye mshipa wa nyuma ya mguu wa mbele, chini ya goti, ni habari mbaya na mwenye farasi atapigiwa simu kabla ya chai. Yeye ndo anajua farasi hajamaliza chakula, yeye ndo anajua leo kaamka vibaya. Makocha wanawake kule niliwaona, Wazungu wengi wao, wakali na wanajua kazi. Hata hiyo ina historia, Beryl Markham aliyekulia Njoro alipata leseni ya kufundisha farasi wa mbio akiwa na miaka 18 hivi, na 1926 farasi jike wake Wise Child mwenye miguu mibovu akashinda mbio ya St Leger ya Nairobi (baadae akarusha ndege peke yake kutoka Uingereza mpaka Canada 1936, huyo mama alikuwa hatulii). Lakini kwenye mabanda alikuwa na Mkipsigis waliyekua pamoja toka watoto, arap Ruta, na watu wanaomjua Markham ni wengi kuliko wanaomjua Ruta. Kipindi changu sikuona saisi mwanamke hata mmoja, wote wanaume, wakati kule Uingereza na Ireland sehemu kubwa ya kazi ya mabandani inafanywa na wasichana.

Na nikamkumbuka shangazi yangu wa Bahi. Alikuwa na punda wanne. Hakuna mtu aliyemwita chochote, siyo saisi siyo nani, alikuwa shangazi tu mwenye punda. Alikuwa anainua kwato la punda analiweka kwenye paja anachokonoa na kijiti huku anaongea na wewe habari nyingine kabisa, na punda wake hakuwahi kuchechemea. Siku nimefika Ngong msimamizi akashangaa kijana wa Tanzania anajua kushika mguu wa farasi. Kumbe shangazi ndo alinipatia kazi.

Ndo maana mbio ninayoipenda kuliko zote siyo hata ya Blackmore, ni Melbourne Cup ya Novemba 2015. Michelle Payne, Australia, juu ya Prince of Penzance, farasi aliyewahi kupasuliwa utumbo, anabeba kilo 53, mita 3,200, farasi 24, na wabetishaji walimweka mia kwa moja yaani ukiweka buku unapata laki. Baadhi ya wenye farasi walitaka atolewe awekwe mwanaume, alisema mwenyewe baada ya kushinda, akawaambia na wale wanaosema wanawake hawana nguvu neno ambalo gazeti lako haliwezi kuchapa. Lakini saisi wa yule farasi alikuwa kaka yake, Stevie, ana Down syndrome, na ndo yeye aliyetumwa kuchagua namba ya geti la kuanzia mbio akatoa namba 1. Dada alikua bila mama toka ana miezi sita, watoto kumi nyumbani. Kwenye picha za siku ile Stevie yupo pembeni ya farasi na kila gazeti lilimwandika jina. Unaona inawezekana?

Na sisi mashabiki siyo wasafi, nikiri. Kuna kijana hapa wa kuunga matairi aliweka picha ya joki mmoja kwenye simu yake na haikuwa kwa ajili ya staili ya kuruka. Tulimtania wiki nzima na yule mama wa chai akamuuliza farasi kwenye hiyo picha anaitwaje, akashindwa, akamkatalia chai ya mkopo mpaka ajue. Alijua kesho yake.

Kwa hiyo mhariri ombi langu ni dogo, mkitoa picha tena andikeni joki nani, farasi nani, kocha nani, na kama mnaweza kumpata anayemshikia farasi hatamu pale kwenye kona ya picha, mara nyingi ni msichana mwenye koti limelowa, mwandikeni na yeye. Melbourne Cup ni Jumanne ya kwanza ya Novemba, kwa saa zetu saa moja asubuhi. Siku hiyo nafungua banda saa kumi na mbili, chai ipo, vitumbua vipo, mwandishi wako akija namwachia stuli.

Fundi Baiskeli,
Chang'ombe, Dodoma